Kioo Kipya cha Simu: Pima Kwanza, Lipa Baadaye



Katika ukurasa huu wa nyumba na kazi twazoea kusema juu ya mambo yanayolinda mali ya jamaa na amani yake. Leo twawaletea jambo linaloonekana dogo, walakini limeleta hasara na ugomvi katika nyumba nyingi: namna ya kupima kioo kipya kinachotiwa katika simu mahali pa kile kilichovunjika.

Labda mmoja atasema: «Mambo ya simu ni ya vijana na mafundi. Gazeti la misioni lahusikaje?» Lahusika sana. Simu ya leo si chombo cha kuongea tu. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Kalemie, Uvira au Butembo, simu ndiyo sanduku la fedha. Mshahara wa baba huingia humo, karo ya watoto hutoka humo, na shangazi aliye mbali hutuma msaada wake kwa njia ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Habari ya mgonjwa na habari ya kilio hupita humo. Basi kioo cha simu kikivunjika, ni kama mlango wa nyumba umevunjika. Na fundi akitutilia mlango mpya, yatupasa kujua ametumia mbao gani.

Tena iko hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kioo kibaya chaweza kujigusa chenyewe: kidole hakijafika, nacho chaandika. Tuseme mama yuko sokoni, ataka kumlipa mwuza unga franka 5 000. Aandika kiasi hicho, na kioo chaongeza sufuri moja. Asiposoma vema kabla ya kutia namba yake ya siri, fedha ya juma zima imekwenda, na kuirudisha ni kazi kubwa. Ndiyo sababu twasema kwamba kupima kioo si mchezo wa watoto wala anasa ya matajiri.

KIOO NI VITU VITATU

Ili kupima kitu, sharti kwanza tujue kilivyo. Kile tunachokiita kioo cha simu, na ambacho wengi wetu hukiita ekrani, kwa kweli ni matabaka matatu yaliyogandamana.

Tabaka la juu ni kioo chenyewe, kigumu na safi, ambacho kazi yake ni kulinda. La pili ni tabaka la mguso. Lina nyuzi nyembamba zisizoonekana, zipitishazo umeme kidogo. Mwili wa mtu nao hupitisha umeme, kidole kikikaribia, umeme wa mahali pale hubadilika, na simu hujua: «Hapa nimeguswa.» Ndiyo maana ukigusa kwa kijiti kikavu simu haijibu, lakini ukigusa kwa kidole hujibu mara moja. Mwingereza aitwaye E. A. Johnson aliandika habari ya mguso wa namna hii mwaka 1965, alipokuwa akifanya kazi katika chuo cha rada kule Malvern.

Tabaka la tatu ndilo linalotoa picha, nalo ni la namna mbili. Namna ya kwanza huitwa LCD. Nyuma yake mna taa inayowaka daima, na mbele ya taa mna vitundu vidogo sana vinavyofunguka na kufungika, kama madirisha yenye mapazia. Vitundu hivyo hujazwa maji ya ajabu, nusu maji na nusu jiwe angavu. Aliyeyaona kwanza hakuwa fundi wa umeme bali mtaalamu wa mimea: Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi Prague. Mwaka 1888 alipasha moto kitu fulani kilichotokana na karoti, akashangaa kuona chayeyuka mara mbili: kwenye digrii 145 kikawa maji yenye ukungu, na kwenye digrii 178 hivi maji yale yakawa maangavu kabisa. Hakuna aliyejua siku ile kwamba ukungu wa karoti ungekuja kuonyesha picha mifukoni mwetu.

Namna ya pili huitwa OLED. Hii haina taa nyuma. Kila nukta ya picha ni taa ndogo yenyewe. Ikitakiwa rangi nyeusi, nukta huzimika kabisa. Msingi wake uliwekwa na Ching Tang na Steven Van Slyke, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Kodak, nao waliutangaza mwaka 1987.

Mshike vema tofauti hii, kwani ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata: LCD ina taa nyuma, OLED yawaka yenyewe.

MAJINA YA DUKANI

Ukifika mahali pa mafundi utasikia majina mengi: cha kampuni, cha asili, namba moja, A, AAA. Msitishwe na herufi hizo. Hakuna sheria moja ya mataifa yote inayosema AAA maana yake nini. Kila mwuzaji aweza kuandika apendavyo. Afadhali kujua aina zenyewe, nazo ni hizi.

Kwanza, kioo kipya kilichotoka kwa kampuni iliyotengeneza simu. Hiki ndicho bora, na bei yake ni kubwa.

Pili, kioo cha asili kilichovuliwa katika simu nyingine iliyokufa. Chaweza kuwa kizuri sana, lakini kimekwisha kutumika. Tena yafaa kuuliza simu ile ilitoka wapi, maana anayenunua kitu akijua kimeibwa anamsaidia mwizi.

Tatu, kioo kilichofanywa upya: ekrani ni ya asili, bali kioo cha juu kilichopasuka kimebanduliwa na kingine kimegandishwa. Kazi hii ikifanywa kwa mashine nzuri inayoondoa hewa, hudumu. Ikifanywa kwa haraka, mapovu na vumbi hubaki ndani.

Nne, OLED ya kuiga. Iko laini, iliyojengwa juu ya tabaka jembamba la plastiki. Na iko ngumu, iliyojengwa juu ya kioo. Ile ngumu ni nzito kidogo, na simu ikianguka hupasuka upesi zaidi.

Tano, LCD iliyotiwa katika simu iliyozaliwa na OLED. Mafundi wengi huiita «incell». Bei yake ni ndogo, lakini weusi wake si weusi kamili, na mara nyingi hula betri zaidi. Tena katika simu zinazosoma alama ya kidole chini ya kioo, kazi hiyo kwa kawaida hufa, kwa kuwa taa ya nyuma na matabaka yake huziba njia.

Lakini tusikosee hapa. LCD si aibu yenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zimetoka kiwandani na LCD, na LCD ndiyo haki yao. Hata katika simu za bei kubwa ni hivyo: iPhone X ya mwaka 2017 ilikuja na OLED, bali iPhone 11 ya mwaka 2019 ilikuja na LCD. Basi swali la kwanza si «OLED au LCD?» Swali la kwanza ni hili: «Simu yangu ilizaliwa na ipi, na leo natiliwa ipi?»

KABLA YA FUNDI KUFUNGUA

Twende sasa kwenye kazi yenyewe. Kabla hujamkabidhi fundi simu yako, fanya mambo manne.

Toa kadi yako ya SIM na kadi ya kumbukumbu, uziweke mfukoni. Kioo chaweza kupimwa bila hizo, na kadi ya SIM utairudisha mwishoni kwa kujaribu mwito. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya fedha zako, hata fundi akiwa mtoto wa ndugu yako.

Mwonyeshe fundi mambo ambayo bado yafanya kazi: kamera ya mbele, sauti ya sikioni, kitufe cha kuwasha. Hivyo hakuna atakayebishana baadaye juu ya kile kilichoharibika zamani.

Patana bei, aina ya kioo na siku za dhamana, na yaandikwe katika karatasi, hata kama ni mistari miwili tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, omba kubaki pale ukitazama, hasa wakati wa kujaribu. Fundi mwema hataona haya.

PIMA KABLA YA GUNDI

Hapa ndipo penye siri kubwa ya jambo hili. Kioo kipya huunganishwa na simu kwa utepe mwembamba wa waya. Fundi aweza kuunganisha utepe huo, akawasha simu, na kioo kikafanya kazi yote kabla hakijagandishwa. Ikionekana kasoro, hukichomoa na kutia kingine, wala hakuna aliyepata hasara. Lakini gundi ikikwisha kupakwa, na karatasi ya plastiki ya kulinda ikibanduliwa, kukitoa ni rahisi kukivunja. Na mwenye duka atakataa kukipokea. Basi mshurutishe fundi, kwa maneno ya adabu: «Tujaribu kwanza kabla ya gundi.» Naye akumbuke kuachanisha betri kabla ya kuunganisha utepe, kwani umeme ukipita vibaya wakati huo waweza kuunguza njia ya taa ndani ya simu.

Simu ikiwaka, pima kwa utaratibu huu. Dakika 10 zatosha.

1. Weupe. Piga picha ya karatasi nyeupe, uifungue ijae kioo chote, uongeze mwangaza mpaka mwisho. Tafuta nukta nyeusi, mistari, madoa ya manjano, na pembe zilizo hafifu. Weupe uwe mmoja toka upande hata upande.

2. Weusi. Funika kamera kwa kiganja, upige picha. Utapata picha nyeusi. Ifungue ukiwa mahali penye giza, au jifunike simu na kichwa kwa kitambaa. OLED ya kweli itaonekana kana kwamba imezimika. Ukiona mwanga wa kijivu, na hasa ukiona pembe zang'aa, hiyo ni LCD. Kama simu yako ilizaliwa na OLED, na fundi amekuambia ni OLED, giza limemshuhudia.

3. Rangi. Tazama picha ya kitu chekundu, cha kijani na cha buluu. Nukta iliyokufa katika rangi moja huenda isionekane katika nyingine. Katika simu nyingi za Samsung, ukiandika *#0*# mahali pa kupiga namba, hufunguka ukurasa wa majaribio wenye rangi hizo zote na jaribio la mguso.

4. Mguso. Shika alama moja ya programu kwa kidole, uivute polepole juu ya kioo chote, mstari kwa mstari, kama mkulima alimaye matuta, bila kuruka mahali. Alama ikidondoka, rudi pale pale. Ikidondoka tena hapo hapo, mahali hapo ni pafu. Kisha andika herufi zote na tarakimu zote, simu ikiwa imesimama na ikiwa imelala. Tarakimu ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa sababu ya fedha tuliyoitaja.

5. Ukimya. Laza simu juu ya meza, kioo kikiwaka, usiiguse kwa dakika tatu. Ikifungua kitu yenyewe, ikiandika yenyewe, kioo hicho usikikubali.

6. Chaja. Unganisha chaja yako mwenyewe, urudie jaribio la mguso. Viko vioo vinavyotulia vikiwa kwenye betri, lakini umeme ukiingia vyaanza kuruka. Hapa tuwe waadilifu: chaja mbovu nayo yaweza kuleta kasoro hiyo hiyo. Kwa hiyo jaribu kwa chaja mbili kabla ya kumlaumu mtu.

7. Jua. Toka nje na simu. Kioo kinachopendeza ndani ya kibanda chaweza kuwa giza tupu chini ya jua la saa sita, na mwuza mboga hafanyi kazi yake kibandani.

8. Sikio. Rudisha kadi ya SIM, upige mwito, ulete simu sikioni. Kioo sharti kizimike, na ukiondoa kiwake. Kisipozimika, shavu lako litabonyeza vitu wakati wa kuongea. Jaribu pia sauti ya sikioni na kamera ya mbele.

Katika simu za iPhone 11 na nyingi zilizofuata, mna tena ushuhuda mwingine: katika Mipangilio huweza kutokea ujumbe usemao kwamba kioo hakikutambuliwa kuwa cha kampuni. Lakini msihukumu kwa ujumbe huo peke yake, maana hata kioo cha asili kilichovuliwa katika simu nyingine chaweza kuuleta.

Yote yakiwa sawa, ndipo gundi ipakwe. Fundi aondoe kwanza gundi ya zamani na vipande vya kioo, la sivyo kioo kipya hakitakaa sawa. Pitisha ukucha pembeni pote: pasiwe na ufa wala mahali palipoinuka. Palipoinuka, usibonyeze kwa nguvu. Huenda betri imevimba, na betri iliyovimba ni hatari ya moto, ibadilishwe. Gundi yataka saa nyingi kukauka vema, basi simu ifungwe kwa mipira, wala usiitie mfukoni siku ile ile. Tena jua kwamba simu iliyofunguliwa isitegemewe tena kuzuia maji kama ilivyokuwa mpya.

MAZUNGUMZO YA MAMA NA FUNDI

Ili wasomaji wetu waone namna ya kuuliza bila ugomvi, tumeandika hapa mazungumzo mafupi kama mfano.

— Hodi, fundi.
— Karibu, mama. Leo kuna nini?
— Simu ya nyumba imeanguka. Una kioo chake?
— Ninacho, mama. Namba moja kabisa.
— Namba moja ni jina zuri, mwanangu. Lakini niambie: simu hii ilikuja na OLED. Hicho chako ni OLED au ni LCD?
— (Fundi akacheka kidogo.) Mama, umesoma wapi hayo? Basi nitakuambia kweli. Hiki ni LCD. Cha OLED ninacho pia, lakini bei yake ni mara mbili.
— Asante kwa kusema kweli. Hiki cha LCD kitanipunguzia nini?
— Betri itakwisha upesi zaidi, na weusi utakuwa kijivu. Alama ya kidole haitasoma tena. Utaandika namba ya siri.
— Hayo nayaweza. Fedha yangu ndiyo hiyo niliyo nayo. Lakini tujaribu kabla ya gundi, na uniandikie kwamba ni LCD, pamoja na siku za dhamana.
— Hakuna taabu, mama. Keti hapa, tutajaribu pamoja.

Angalieni, wasomaji: mama huyu amenunua kioo cha bei ndogo, na hakudanganywa. Alijua anachokichukua, alijua atakachokosa, akachagua mwenyewe kwa akili na kwa kipimo cha mfuko wake. Na fundi amepata mteja atakayerudi, tena atakayewaleta majirani.

KOSA LIKO WAPI?

Hilo ndilo neno tunalotaka mlishike kuliko mengine yote. Kosa si kioo cha bei ndogo. Maskini ana haki ya kununua kitu cha kadiri yake, na fundi ana haki ya kukiuza. Kosa ni jina la uongo. Anayetia LCD na kupokea bei ya OLED ameiba tofauti ya bei, ingawa hakuingia nyumbani usiku. Mizani ya uongo ilikwisha kukatazwa katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, na Kitabu cha Methali chairudia habari hiyo. Wakati ule watu walidanganya kwa mawe ya kupimia nafaka. Leo wapo wanaodanganya kwa herufi tatu za AAA. Mawe yamebadilika, dhambi ni ile ile. Nayo Katekismu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2409, yahesabu udanganyifu wa biashara, na hata kazi iliyofanywa vibaya, miongoni mwa makosa dhidi ya Amri ya Saba.

Lakini haki haina upande mmoja. Wapo wateja wanaomkaba fundi bei mpaka hawezi kununua kioo chema, kisha wamlaumu kwa kutia kibaya. Wapo wanaoangusha simu siku ya pili, wakarudi na kupiga kelele kwamba kioo kilikuwa kibovu. Wapo wanaokuja na simu iliyolowa maji, wakanyamaza. Huo nao ni uongo, na fundi kijana aliyekopa fedha ya vipuri ndiye alipaye. Tukitaka mafundi wakweli, yatupasa tuwe wateja wakweli.

Na ninyi vijana mnaofanya kazi hii, neno moja kwenu. Wengi wenu mmejifunza kwa kutazama, bila shule, bila mashine kubwa, mkitumia taa ndogo na bisibisi. Kazi yenu ni ya heshima. Vioo hivi husafiri mbali, vingi vikitoka masoko ya vipuri kama lile la Huaqiangbei, katika mji wa Shenzhen huko China, navyo hupita katika mikono mingi kabla ya kufika kwenu. Pengine ninyi wenyewe mmedanganywa na mwuzaji wa jumla. Basi pimeni kwanza ninyi, siku mnapopokea mzigo, kabla ya kumtilia mteja. Andikeni juu ya kila kioo jina lake la kweli. Kumbukeni kwamba Papa Pio XII, mwaka 1955, aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Yosefu alikuwa fundi kama ninyi, na aliishi kwa kazi ya mikono yake. Hakuna awezaye kumfikiri akimtilia jirani ubao uliooza na kuupaka rangi.

Nanyi wanafunzi, mnaojua simu kuliko wazazi wenu, msiyaweke maarifa hayo kwa michezo tu. Yakateni maneno haya, myabandike ukutani. Siku mama au bibi atakapokwenda kwa fundi, mmoja wenu amfuate. Asiende kwa majivuno wala kwa kumwaibisha fundi. Aende kumsaidia mama kuvuta ile alama juu ya kioo, mstari kwa mstari, na kutazama picha nyeusi chini ya kitambaa.

Wahenga walisema: majuto ni mjukuu. Dakika 10 za kupima kabla ya gundi ni nafuu kuliko mwezi mzima wa kugombana. Ulizeni, pimeni, andikeni. Ndipo mtoe fedha kwa moyo mweupe, naye fundi azipokee kwa moyo mweupe.